Siku Jessica Fletcher aliposhika usukani

Mwaka 1989 kilitoka kitabu kiitwacho Gin and Daggers, na ndani yake Jessica Fletcher anaendesha gari. Kama uliwahi kuitazama Murder, She Wrote, tamthilia ya runinga ambamo Jessica hufumbua mauaji, umeshashtuka. Jessica hajui kuendesha, hakuwahi kujifunza. Kitabu kilipochapwa upya mwaka 2000, kosa hilo lilirekebishwa.

Nahariri riwaya za upelelezi, na kosa hilo ndilo ninalowasimulia waandishi chipukizi kwanza. Kutoendesha si pambo. Mtu asiye na gari hupanda baiskeli, husimama kusalimiana, huomba lifti kwa daktari Seth Hazlitt au kwa mkuu wa polisi, na humo garini ndimo watu humwambia mambo. Mpe gari lake na umemwondolea nusu ya masikio yake.

Tamthilia yenyewe ilirushwa Marekani kuanzia 1984 hadi 1996, vipindi 264. Angela Lansbury aliigiza mjane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mtunzi wa riwaya za mauaji katika mji mdogo wa pwani, Cabot Cove, jimboni Maine. Vitabu vilivyofuata viliandikwa kwa miaka mingi na Donald Bain, lakini jaladani majina ni mawili: Jessica Fletcher na Donald Bain. Mhusika wa kubuni ndiye mwandishi mwenza! Napenda ujasiri huo, ila una gharama: kitabu kikishakuwa chake, lazima asimulie mwenyewe.

Hapo ndipo penye kazi. Kwenye runinga tunamsoma Jessica usoni. Kipindi kinakaribia kwisha, mtu anatamka neno la kawaida tu, naye ananyamaza ghafla. Macho yanatulia, kisha uso unakunjuka. Ameshajua, sisi bado. Kamera imetuonyesha kwamba amejua bila kutufichulia alichojua. Kitabuni hakuna anayejiona uso wake. Msimulizi wa nafsi ya kwanza akishang'amua, ama aseme na fumbo liishe, ama anyamaze na msomaji ahisi amefichwa kitu. Kwangu mimi, hakuna kitabu kinachoweza kuufidia kikamilifu ule uso wa Lansbury.

Lakini vitabu navyo vina chao. Humo yumo George Sutherland, mpelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, anayempenda Jessica, na Jessica anavutiwa naye huku marehemu mumewe, Frank, akiwa bado moyoni. Runinga ilimwonyesha mjane aliyekwisha kutulia. Kitabu kinaweza kukaa naye usiku, taa ikiwa imezimwa, akijiuliza kama anataka kuanza upya. Hayo kamera isingeyafikia.

Na baadaye vitabu vikampeleka kujifunza urubani. Wapo watakaosema ni kupotoka. Mimi naona ni yeye kabisa: mwanamke anayeirusha ndege ndogo, akatua salama, kisha akasimama kando ya uwanja akingoja mtu wa kumrudisha nyumbani kwa gari.