Kabla ya kuongeza leza, tuliza mchemraba

Kila nikifundisha mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga-wakati ambayo hubadilisha umbali kidogo mno, hapa Kisumu, kuna mwanafunzi atakayeuliza: mbona wasiongeze tu nguvu ya leza, au warefushe mikono ya kigunduzi, yaani njia ambazo leza hupima umbali wake?

Tuchukue LISA, kigunduzi cha mawimbi hayo angani, mradi wa shirika la anga la Ulaya, ESA, ulioidhinishwa Januari 2024 na unaotarajiwa kurushwa 2035. Vyombo vitatu vitajipanga pembetatu, kila kimoja kilomita milioni 2.5 kutoka kwa mwenzake. Leza ni ya wati 2 hivi, lakini njiani mwanga hutawanyika, na darubini ya upande wa pili itanasa pikowati mia kadhaa tu (pikowati ni sehemu moja ya trilioni ya wati).

Sasa refusha mkono mara mbili. Mwanga unaofika unapungua mara nne, na hitilafu ya kupima umbali inaongezeka mara mbili. Hitilafu hiyo tunaigawa kwa urefu wa mkono, kwa hiyo faida na hasara zinafutana. Leza kali ingesaidia, naam, ila kwenye masafa ya juu, yaani kwa mawimbi yanayotikisika haraka.

Mimi navutiwa na masafa ya chini, ya mawimbi ya polepole, kwa sababu huko ndiko mashimo meusi makubwa sana yanakoungana. Adui wa huko ni mwingine kabisa. Kila chombo kitabeba michemraba miwili ya dhahabu na platinamu, upande milimita 46, kila mmoja kilo 2 hivi. Umbali unaopimwa ni kati ya michemraba ya vyombo tofauti, na inatakiwa ielee bila kusukumwa na chochote. Kazi kwelikweli! Gesi kidogo iliyobaki huigonga. Miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kutoka anga za mbali, huitia chaji ya umeme, ambayo huondolewa kwa mwanga wa urujuanimno. Halafu kuna mvutano wenyewe, ambao hakuna ukuta unaouzuia. Ukiweka kigunduzi cha masafa haya kando ya barabara ya Busia, kila lori litavuta vioo vyako, ambavyo huko ndivyo hushika nafasi ya michemraba, hata uvining'inize kwa ustadi gani. Angani malori hayapo, lakini chombo nacho kina uzito. LISA Pathfinder, chombo cha kuijaribu teknolojia ya LISA, iliyorushwa Desemba 2015, ilibidi iwekewe vipande vya kusawazisha mvuto wake yenyewe.

Matokeo yake ya kwanza ya utulivu wa michemraba, mwaka 2016, yalikuwa bora karibu mara 5 kuliko lengo lake. Kisha yakazidi kuwa mazuri kadiri gesi ilivyotoka polepole kwenda angani. Ndiyo maana shilingi ya ziada ningeipeleka kwenye ombwe linaloizunguka michemraba, leza ingesubiri.