"Daktari, nina UTI sugu"

Mwanaume akiingia chumba cha daktari hapa Dodoma siku hizi, ugonjwa ameshaupa jina mwenyewe: "Daktari, nina UTI sugu," yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha. Anatoa bahasha ya khaki. Ndani mna vidonge vinne vilivyobaki vya antibiotiki ya sipro (ciprofloxacin), amoksilini nusu karatasi, na cheti cha maabara kinachosema seli za usaha 4 hadi 6. Kwa cheti hicho tu kachomwa sindano siku tano.

Nimechoka kulisikia. Wengi wao ama hawakuwahi kuwa na UTI, ama wanayo na kuna kitu kinachoirudisha ambacho hakuna aliyehangaika kukitafuta. Mrija wa mkojo wa mwanaume una takriban sentimita 20, wa mwanamke kama 4 hivi. Bakteria kufika kwenye kibofu cha kijana mwenye afya si kazi ndogo, kwa hiyo akiugua swali la kwanza ni kwa nini, dawa baadaye.

Kijana wa miaka 25 anayeungua akikojoa na kukuta usaha kwenye boksa asubuhi, kwangu huyo ana kisonono au klamidia, magonjwa ya zinaa, mpaka vipimo vikatae. Sipro kisonono kimeshaizoea sehemu nyingi duniani. Anameza, anapata nafuu kidogo, mwenza wake hajatibiwa, na wiki mbili baadaye ananiambia UTI imerudi. Haikurudi, mdogo wangu, umerudishiwa.

Mzee wa miaka 60 ni habari nyingine. Mkojo unatoka kwa kusuasua, usiku anaamka mara nne. Tezi dume imevimba, kibofu hakimalizi mkojo, na ule unaobaki ni dimbwi la bakteria kuzaliana. Vidonge vitampa nafuu, lakini dimbwi liko palepale. Huyu anahitaji ultrasaundi baada ya kukojoa. Na ndiyo, kidole kitapita njia ya haja kubwa kuipapasa tezi, dakika moja haiishi. Wazee wangu wa Mpwapwa mnaotazama mlango nikivaa glavu, hakuna uanaume unaopungua pale. Bakteria wakiwa ndani ya tezi yenyewe, dawa inaweza kufika wiki 4, maana dawa nyingi hupenya humo kwa shida. Ukiacha siku ya tatu kwa sababu umepata nafuu, unawakomaza tu.

Kuna pia mawe ya figo na kibofu. Mji wetu ni mkavu, jua kali, na dereva wa bodaboda anashinda kutwa bila maji ili asisumbuke kutafuta choo. Kuna kisukari. Damu mwishoni mwa mkojo inaweza kuwa kichocho, na kwa mtu mzima, hasa mvutaji sigara, saratani ya kibofu iangaliwe mapema.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: mkojo uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza, yaani maabara iwakuze bakteria waliomo ili wajulikane. Majibu ni siku mbili au tatu. Mtu aliyehangaika mwaka mzima ananiambia siku tatu ni nyingi! Na mkojo uwe wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho, kwenye kopo safi la maabara, ufike ndani ya saa mbili. Kopo lililosafiri na daladala kutoka Bahi, mfukoni mwa koti, mchana wa Oktoba, litaotesha chochote.

Mengine nayapitia haraka. Choo cha stendi hakikupi UTI. Bakteria hao kwa kawaida ni E. coli wa utumbo wako mwenyewe. Bia haisafishi njia, inakukojoza tu na kukusahaulisha dawa. Maji ya ukwaju nayapenda sana, lakini si tiba. Mkojo wa njano iliyokolea mara nyingi maana yake unahitaji kunywa maji. Na anayesema UTI imemmaliza nguvu za kiume, mimi humpima sukari na presha kwanza.

Kitu kimoja hakisubiri kuoteshwa wala miadi: homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya kiunoni upande mmoja, au mkojo kugoma kabisa huku tumbo la chini limejaa. Hapo ni hospitali usiku huohuo, na duka la dawa ulipite bila kusimama.