Kupe Hatolewi kwa Kiberiti

Juzi nimeletewa mbwa wa kuwinda mwenye malengelenge sikioni. Malengelenge hayakuletwa na kupe, yaliletwa na mwenye mbwa. "Nilimgusa na njiti ya kiberiti ikiwa bado ya moto, daktari, ila mbwa akatikisa kichwa." Kupe mwenyewe nilimkuta palepale, tumbo limevimba kama mbegu ya mbarika, kando ya manyoya yaliyoungua.

Kisa hiki nimekisikia mara nyingi mno. Kinachobadilika ni kifaa tu: leo kiberiti, kesho sigara, keshokutwa mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka au rangi ya kucha. Imani iliyo nyuma yake ni ileile, kwamba kupe akikerwa vya kutosha atajichomoa mwenyewe.

Hawezi. Kupe haumi kama mbu. Anaikata ngozi, kisha anazamisha mdomo wenye miiba iliyoelekea nyuma, kama ya ndoana. Kupe wengi wale wenye ngao ngumu mgongoni hutoa pia ute unaoganda kama saruji na kuwashikiza kwenye ngozi. Mnyama aliyejijenga hivyo haachii kwa dakika moja hata angetaka. Akiwa hapo anakunywa kwa zamu: anavuta damu, anarudisha mate, anavuta tena. Vimelea husafiri kwenye mate hayo. Sasa wewe unamchoma au unammwagia mafuta mdomo wake ukiwa bado ndani ya kidonda, na kuna hatari ya kumfanya atapike humohumo yale ambayo hukutaka yaingie.

Mafuta ya kujipaka ndiyo yenye mantiki ya kuchekesha zaidi. Eti unamziba pumzi. Kupe hupumua kidogo sana, kupitia vitundu vilivyo ubavuni, na anaweza kukaa saa nyingi bila hewa mpya. Wewe umekaa unamsubiri afe, yeye anaendelea kunywa.

Na hapo ndipo penye hasira yangu hasa: muda. Mwindaji anamwona kupe kwenye kwapa la mbwa asubuhi, anasema, "Nitamshughulikia tukirudi, mafuta ya taa yako nyumbani." Wanarudi jioni, wanachuna mnyama, wanakula, wanalala. Saa zote hizo kupe yuko kazini. Bakteria wa Lyme, ugonjwa wa kupe unaoleta homa na maumivu ya viungo, ambao mtafiti Willy Burgdorfer aliwagundua ndani ya kupe karibu miaka ya 1980 ilipoanza, hukaa tumboni mwa kupe na inawabidi wasafiri hadi kwenye tezi za mate. Kwa kawaida safari hiyo hupita saa 24 tangu kupe ashike. Babesia, vimelea wanaovunja chembe nyekundu za damu, nao hukomaa kwenye tezi za mate baada ya kupe kuanza kula, na huhitaji siku moja au mbili. Maana yake, kupe aliyetolewa mapema mara nyingi huondoka na ugonjwa wake. Si mara zote: riketsia na erlikia, bakteria wa homa nyingine za kupe, wanaweza kuingia ndani ya saa chache, na papasi, yule kupe laini wa kwenye nyufa na mashimo ya wanyama, hunyonya kwa dakika chache tu usiku, akaondoka akiwa amekwisha kuacha homa. Kwa hiyo usinipigie hesabu ya saa 24 kama vile ni ruhusa ya kungoja.

Kinachotakiwa ni kibano chenye ncha nyembamba. Changu nimekifunga kwa kamba ileile ya filimbi ya kumwitia mbwa, maana kilichokaa chini ya mkoba hakitoki kwa wakati. Tenga manyoya, mshike kupe pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, si tumboni, uvute juu moja kwa moja kwa nguvu ileile bila kunyakua. Ngozi itainuka kidogo. Tulia hivyo hivyo, ataachia. Halafu sabuni na maji, au spiriti. Watu hubishana mbele yangu kama azungushwe kulia au kushoto. Kupe si parafujo! Ukiwa na kile kindoano maalumu chenye ufa katikati, sawa, chenyewe kimetengenezwa kwa kuzungushwa. Kwa kibano, vuta. Ukikosa vyote, vidole vilivyofunikwa kwa glavu au karatasi laini ni bora kuliko kusubiri.

"Lakini kichwa kitabaki." Kinachobaki ni vipande vya mdomo, na havioti kupe mwingine. Kama havishikiki kwa urahisi, viache, ngozi itavisukuma nje yenyewe. Mbwa wanaonifikia na jipu, wengi ni wale waliochokonolewa kwa sindano ya kushonea.

Kumpasua kwa kucha nako kukome. Kuna magonjwa yanayoingia kupitia mchubuko mdogo tu wa kidole, na homa ya kutokwa damu ya Crimea-Kongo ni mojawapo. Mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti. Kwa sababu hiyohiyo, vaa glavu unapochuna. Mzoga ukianza kupoa, kupe waliokuwa juu yake huanza kutafuta mwili wenye joto, na aliye karibu zaidi ni wewe uliyepiga magoti pale, pamoja na mbwa wako anayenusa.

Wapo wanaovaa kofia pana porini na kaptura chini, kwa kuwa "kupe huanguka kutoka mitini". Kupe haruki, harushwi, wala hadondoki kutoka kwenye matawi. Anapanda kwenye jani au kichaka kifupi, ananyoosha miguu ya mbele yenye viungo vya kunusia hewa unayotoa na kuhisi joto lako, anangoja upite. Wengine, wa jamii ya Hyalomma, humkimbilia mnyama chini kwa chini. Kumkuta kupe kichwani kunamaanisha amepanda kutoka miguuni bila kuonwa. Suruali ndefu, miguu ya suruali ndani ya soksi, nguo za rangi nyepesi ili umwone akitembea. Nguo na viatu vinyunyiziwe permetrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5 na vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Permetrini haipakwi kwenye ngozi; ya ngozi ni DEET, dawa ya kufukuza wadudu. Na DEET hapakwi mbwa, anailamba. Mwenye paka nyumbani anisikilize vizuri: permetrini mbichi inaua paka, kwa hiyo nguo hizo zikaukie mahali asipofika, na dawa ya matone ya mbwa yenye permetrini isimguse kabisa.

Tukija kwa mbwa mwenyewe, nasikia, "Nilimpa kidonge na bado nimemkuta na kupe, dawa yako ni feki." Vidonge vya siku hizi, kama fluralaneri na afoksolaneri, hufanya kazi ndani ya damu. Kupe lazima aume kwanza ndipo anywe sumu. Kumkuta kupe mmoja mmoja ameshika, hasa siku ileile ya kuwinda, hakumaanishi dawa imeshindwa. Mkague kesho yake, utamkuta amekauka. Wanaotaka kupe azuiwe kabla hajauma watazame kola zenye flumetrini au dawa za matone zenye permetrini. Mbwa mwenye historia ya kifafa, niambie kabla hatujachagua kidonge. Na tafadhali angalia muda wake: kidonge cha mwezi mmoja hakigeuki kuwa cha miezi mitatu kwa sababu mbwa ni mdogo.

Dawa yoyote haiondoi kazi ya mikono. Nina utaratibu ambao wateja wangu wameuchoka: mbwa hapandi gari kabla hajakaguliwa. Ndani ya masikio, kope, chini ya kola (ivue, usiingize vidole tu), makwapani, kati ya vidole, kinenani, chini ya mkia. Kupe mchanga ni mdogo hata kuliko punje ya ufuta, kwa hiyo tembeza ncha za vidole polepole, usitegemee macho. Kisha ujikague wewe: nyuma ya magoti, kinenani, kitovuni, makwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Nguo kuzifua kwa maji baridi hakuwaui. Joto kavu ndilo linalowaua, dakika 10 kwenye mashine ya kukaushia iliyowekwa joto la juu.

"Nimempiga sindano ya ng'ombe." Hapana. Sindano hiyo ni ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, na ile ya mifugo ina nguvu ya kumtosha mnyama wa mamia ya kilo, na kosa dogo la kipimo kwa mbwa ni kutetemeka, upofu, hata kifo. Mbwa wengi wa jamii ya Koli, wale wa kuchungia kondoo, wana kasoro ya jeni inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Na baada ya hatari yote hiyo, kwa kupe wa mbwa haifanyi kazi ya maana. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia, jibu ni lilelile. Kitunguu saumu kwenye chakula hakifukuzi kupe, ila kinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, kazi ambayo babesia anaifanya vizuri bila kusaidiwa.

"Mbwa wangu amezoea kupe." Mbwa wa kuwinda huficha ugonjwa kwa sababu anapenda kazi. Ukimwona anakataa kula, fizi zimepauka, mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia, anachechemea mguu huu leo na ule kesho, au anatokwa damu puani, mlete siku hiyohiyo. Erlikia anaweza kujificha mwilini kwa miezi au hata miaka baada ya homa ya kwanza kupoa, halafu akaibukia kwenye uboho.

Mwisho ni lile la kwamba bila doa jekundu la duara huna ugonjwa. Doa lile ni la Lyme, na hata kwa Lyme si kila mgonjwa hulipata. Homa nyingine za kupe huacha kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, nyingine haziachi kitu. Ukipata homa, kichwa kikali au maumivu ya viungo katika wiki chache baada ya kuwinda, nenda kwa daktari wa binadamu, si kwangu, na usingoje akuulize: mwambie ulikuwa porini tarehe fulani, kupe alikushika hapa, na umemleta kwenye kichupa hiki.