P0AA6: umeme wa betri kubwa unapovuja kwenye bodi ya gari

Kodi ya hitilafu ya P0AA6 ikionekana kwenye skana inayosoma kompyuta ya gari la mseto, yaani gari linalotumia mafuta pamoja na umeme wa betri kubwa, watu wengi husikia neno moja tu: betri. Mwenye gari anaambiwa akatafute betri mpya, fundi anaanza kung'oa kiti cha nyuma, na swali la kwanza halijaulizwa. Kodi hii haisemi kwamba seli zimechoka. Inasema kwamba umeme mkubwa, ambao haupaswi kugusa bodi hata kidogo, umepata njia ya kufika kwenye bodi. Njia hiyo inaweza kuwa ndani ya betri, lakini pia inaweza kuwa kwenye inveta (inayogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota), kwenye mota, kwenye kompresa ya AC, au kwenye waya wowote wa rangi ya chungwa unaopita chini ya sakafu.

Dada mmoja aliniletea gari lake la mseto likiwa limeshahukumiwa hivyo mara mbili. Aliniambia, "Fundi, asubuhi kukiwa na umande linawaka taa ya hatari na linakataa kuingia READY. Likikaa juani mpaka saa nne, linawaka kama halijawahi kuumwa." (READY ni hali ya gari kuwa tayari kuondoka.) Maneno hayo yalinisaidia kuliko kodi yenyewe, na nitayarudia baadaye.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mvujo. Betri ndogo ya volti 12 ina nguzo hasi iliyofungwa kwenye bodi, na gari zima limekuwa waya wa kurudishia umeme. Betri kubwa haiko hivyo. Nguzo zake zote mbili, chanya na hasi, zimetengwa kabisa na bodi. Ukiugusa waya mmoja kwa bahati mbaya huku umeegemea mlango, umeme hauna pa kurudi, kwa hiyo haupiti mwilini mwako. Sehemu moja ikianza kuvuja, gari bado linaweza kutembea vizuri na hutahisi chochote. Kilichobadilika ni kwamba sasa bodi nzima imekuwa upande mmoja wa betri. Atakayegusa upande wa pili ndiye atakayekamilisha mzunguko. Ndiyo maana gari hulalamika kwenye mvujo wa kwanza, na ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na fundi anayefuta kodi hii na kumwambia mteja aendelee kutembea.

Kompyuta ya betri hupeleka wimbi dogo la umeme kati ya mfumo mkubwa na bodi, kisha hulitazama linavyorudi. Kwenye Toyota Prius, ambayo ndiyo iliyofundisha wengi wetu kazi hii, thamani ya wimbi hilo unaiona kwenye data ya skana. Mfumo ukiwa mzima husimama karibu na volti 5. Ukivuja hushuka, na mvujo mkubwa huisukuma kuelekea sifuri. Ukinzani kati ya umeme mkubwa na bodi ukifika kiloohimu 100 au chini yake, kodi inaandikwa. Nyuma ya P0AA6 kuna namba ndogo ya pili, na hiyo ndiyo ya kunakili kabla ya kitu kingine chochote: 611 ni upande wa kompresa ya AC, 612 ni eneo la betri, 613 ni upande wa gia na mota, 614 ni njia ya umeme mkubwa kati ya relei (swichi zinazounganisha betri na gari) na inveta, na 526 husema tu kwamba kuna mvujo bila kutaja mahali.

Kwenye gari la dada yule nilikuta 526 peke yake. Walionitangulia walikuwa wamefuta kumbukumbu zote. Ukifuta kodi kabla ya kuiandika umechoma ushahidi, na fundi anayekuja nyuma yako anaanza upya.

Nikaangalia afya ya seli, ili shutuma dhidi ya betri ijibiwe kwa vipimo. Betri ilikuwa ya nikeli yenye moduli 28, kila moduli ina seli sita za volti 1.2, jumla volti 201.6. Kompyuta huzisoma mbilimbili, yaani bloku 14. Seli moja ikifa, bloku yake hubaki nyuma ya wenzake kwa zaidi ya volti moja ukiipa mzigo. Hapa, nikiwa nimekanyaga breki na mafuta pamoja, bloku ya juu na ya chini zilitofautiana kwa volti 0.2 tu. Betri ile haikuwa imechoka. Ilikuwa inavuja, na hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Mchana ule thamani ya wimbi ilisimama karibu na 5 muda wote. Ningeweza kufungua vitu hadi jioni nisipate kitu. Nikamwomba aniachie gari lilale nje, na alfajiri, kabla jua halijaligusa, nikarudi na skana.

Hatua ninayoipenda zaidi katika kazi hii haihitaji hata spana. Unabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki. Umeme mdogo unawaka, lakini relei kubwa za betri bado ziko wazi, kwa hiyo kilichounganishwa na kipimo cha mvujo ni betri yenyewe tu mpaka kwenye relei. Unasoma wimbi. Likiwa zima, unakanyaga breki na kuingia READY. Utasikia relei zikigonga ndani ya kasha, na sasa nyaya ndefu na inveta zimeingia kwenye mzunguko. Unasoma tena. Kisha unawasha AC na kusoma. Kisha, mguu ukiwa kwenye breki, unaweka D, halafu R, ili mota nazo ziingie. Kitendo kitakacholiangusha wimbi ndicho kinachokuonyesha eneo. Ni sawa na kutafuta bomba linalovuja kwa kufungua koki moja baada ya nyingine.

Alfajiri ile sikufika hata READY. Relei zikiwa wazi, wimbi lilikuwa limeshalala karibu na sifuri. Inveta, mota, kompresa na nyaya za chini hazikuwa zimeunganishwa, kwa hiyo hazikuwa na kosa. Mvujo ulikuwa ndani ya kasha la betri, na sasa nilikuwa na sababu ya kulifungua.

Hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu nawajua vijana wenye mikono mizuri wanaodhani kuchomoa plagi ya usalama kunaizima betri. Hakuizimi. Kunaikata vipande viwili, na kipande kikubwa bado kina zaidi ya volti 100, zinazotosha kukuua. Navaa glavu za mpira za volti 1000, na kila mara kabla ya kuzivaa nazikunja kuanzia mdomoni ili hewa inase ndani, kisha nazisogeza shavuni kusikiliza kama kuna tundu. Pete na saa zinabaki mezani. Plagi ikitoka inaingia mfukoni mwangu, siyo kwenye kiti, ili mtu asije akairudisha nikiwa nimeinamia kazi. Nangoja dakika 10 kapasita za inveta, zinazohifadhi umeme, ziishiwe chaji, halafu napima kwenye ncha za inveta kuhakikisha ni sifuri. Kungoja peke yake bila kupima sikuamini.

Betri ikiwa imetoka garini na kompyuta yake imechomolewa, multimita ya kawaida inaweza kukupeleka mpaka kwenye moduli yenye kosa. Unaweka ncha moja kwenye mwisho wa kipande cha betri na nyingine kwenye chuma cha kasha. Kusipokuwa na mvujo, kioo kitaonyesha volti kadhaa kisha zitayeyuka zenyewe kuelekea sifuri, kwa sababu hakuna njia halisi ya umeme. Kukiwa na mvujo, namba inasimama na haiyumbi. Multimita nzuri ina ukinzani wa megaohimu 10, na mvujo wa kiloohimu mia hauipunguzii hata sehemu mbili kwa mia, kwa hiyo namba unayoiona inakaribia sana ukweli.

Kipande kidogo kiliyeyuka hadi sifuri. Kipande kikubwa kikasimama kwenye volti 55. Nikapima kutoka mwisho wake wa pili, na majumlisho ya vipimo viwili yakakaribia volti za kipande kizima, dalili ya mvujo mmoja. (Ikiwa ni miwili hesabu hii hudanganya, na itabidi uzitenganishe moduli.) Kila moduli ilikuwa imetulia kwenye volti 7.9. Gawanya 55 kwa 7.9, unapata saba. Kutoka mwisho ule, umeme ulikuwa unatorokea kwenye kiungo cha moduli ya saba na ya nane.

Nilipoondoa kifuniko cha pembeni, kiungo kile kilikuwa na nati iliyokwanguka pembe, wakati nyingine zote zilikuwa laini. Nikaiinua moduli ya nane. Chini ya nguzo yake kulikuwa na ute mwembamba ulioganda, mweupe, kama chumvi, ukiteremka ubavuni mwa plastiki hadi kwenye sinia la chuma. Upana wake haukuzidi kucha ya kidole kidogo. Nikaloanisha karatasi ya litmasi nyekundu nikaigusisha hapo, ikageuka buluu papo hapo. Yalikuwa maji ya betri: potasiamu haidroksaidi.

Na hapo ndipo umande ulipopata maelezo. Potasiamu haidroksaidi na chumvi inayobaki ikikauka hewani hufyonza unyevu. Usiku ule mstari mweupe ulikunywa maji ya hewani na kuwa waya. Jua likipanda ulikauka na kukatika. Gari halikuwa na tabia za ajabu. Mteja alikuwa amenieleza kila kitu siku ya kwanza.

Nikamuuliza, "Dada, betri hii iliwahi kufunguliwa?" Akasema ndiyo, mwaka uliopita, mahali pengine, walisafisha viungo. Nati za moduli hizi hukazwa kwa nyutoni-mita 5.4. Hiyo ni nguvu ya kiganja, siyo ya bega. Ukizidisha, nguzo inazunguka kidogo ndani ya plastiki, muhuri unaachia, na maji ya betri yanaanza kupanda polepole kwa miezi bila mtu kuona. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu spana ya kupimia nguvu ni kifaa kidogo, na bila hicho mtu mwenye nia njema kabisa anaharibu betri iliyokuwa nzima.

Moduli ya nane haikuweza kuokolewa. Nilitafuta nyingine, nikaipa chaji na kuitoa chaji mara kadhaa mpaka nikaridhika kwamba ujazo wake unalingana na wa wenzake. Ukiweka moduli yenye nguvu katikati ya zilizozeeka, au kinyume chake, bloku hiyo itakuja kukuandikia P0A80, kodi inayosema betri ibadilishwe. Sinia nililifuta kwa maji yenye asidi ya boriki mpaka litmasi ikaacha kubadilika, nikalikausha kabisa. Kisha nikapima kila kipande dhidi ya kasha kwa mega, kipimo cha ukinzani, ya volti 500, kompyuta ikiwa bado imechomolewa, maana volti hizo zinaweza kuiunguza. Vipande vyote vilizidi megaohimu 10.

Kama wimbi lingeanguka pale AC ilipowashwa, ningekuwa nasimulia habari nyingine, na inastahili kutajwa kwa sababu inawapata wengi. Kompresa ya umeme ina mota inayozungushwa na umeme mkubwa, imezama kwenye oili ya AC. Oili hiyo lazima iwe ya aina isiyopitisha umeme, kama ND-11. Fundi wa AC akiongeza oili ya PAG ya magari ya kawaida, hata kidogo, ukinzani unashuka na P0AA6 inaandikwa na 611 nyuma yake. Betri haina kosa lolote hapo.

Gari nililifunga jioni na kuliacha tena nje. Alfajiri bodi ilikuwa imelowa umande hadi kwenye vishikio vya milango. Nikabonyeza kitufe mara mbili, wimbi likasimama karibu na 5. READY, bado 5. AC, D, R, halikusogea. Nikamwandikia dada karatasi ya namba zote, za kabla na za baada, akae nayo garini kwa ajili ya fundi atakayefuata.