Zaatari ya Porini: "Si Imetoka Ethiopia?"

Wiki hii nimeulizwa tena. Mama mmoja kaja na mfuko. "Daktari," (mimi ni mkemia wa mimea, lakini nimeshachoka kusahihisha) "mwanangu kaniletea zaatari ya porini, inashusha presha. Vijiko vingapi?" Nikamuuliza ilichumwa mlima gani. Akanishangaa: "Si imetoka Ethiopia?"

Ethiopia ina zaatari za porini mbili, Thymus schimperi na Thymus serrulatus, na sokoni zote huitwa tosign. Hutambaa chini kwenye baridi ya nyanda za juu. Schimperi hupanda hadi karibu mita 4,000. Kule kwenye milima ya Bale, kusini mwa Ethiopia, unaikanyaga na harufu inakufikia puani. Wenyeji hutia majani makavu kwenye chai, berbere (mchanganyiko wa viungo vyenye pilipili) na shiro (mchuzi wa unga wa kunde), na huinywa kwa kikohozi, kichwa, tumbo na, ndiyo, presha.

Sasa hilo la mlima. Kinachotawala mafuta yake ya harufu aghalabu ni kemikali mojawapo kati ya mbili, timoli au karvakroli. Fomula ni ileile, C10H14O; tofauti ni haidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikana) kukaa upande huu wa duara la molekuli au ule. Niliwahi kuapa kwa pua yangu kwamba chupa fulani ni timoli tupu, mashine ikasema karvakroli. Siku hizi siapi. Na spishi ileile, majani yaleyale, ikihama bonde inaweza kuwa na mafuta mengine kabisa. Kusini mwa Ufaransa, karibu na Saint-Martin-de-Londres, zaatari ya kawaida, Thymus vulgaris, ina aina sita za mafuta ndani ya eneo dogo. Za timoli na karvakroli zilikaa miteremko yenye joto, kwa sababu baridi kali ya bondeni iliziua. Watafiti walichora ramani ya aina hizo miaka ya 1970. Waliporudi baadaye, baridi ile imepungua, karvakroli imeanza kuteremkia bondeni. Mmea haukubadilika sura hata kidogo! Halafu mtu ananiambia zaatari ni zaatari.

Presha, kwa kifupi: dondoo za tosign zimewaongezea panya mkojo maabara, njia ambayo hata vidonge vingine hushushia presha. Panya walipimiwa kwa miligramu. Kijiko chako kimepimwa na nani? Vidonge usiache. Kama tayari unameza vya kukojosha, mwambie anayekutibu kwamba unakunywa na hii.

Na chupa ya mafuta si chai iliyokolea, tafadhali. Mwanzoni mwa karne ya 20 timoli ilikuwa dawa ya minyoo ya safura, na mgonjwa alikatazwa pombe na vyakula vya mafuta siku hiyo ili isiingie mwilini kwa wingi ikamdhuru. Kikombe cha chai hubeba kidogo sana cha mafuta hayo, na sehemu hupaa na mvuke. Ndiyo maana nina shaka na kazi yetu wenyewe: pengine kinachomtuliza mnywaji wa chai ni vitu vinavyoyeyuka majini, nasi tunaandika kurasa kuhusu timoli kwa kuwa mashine zetu zinaipima vizuri.

Nilimwaga mfuko wa yule mama mezani. Nusu yake mizizi. Aliyechuma hakukata, aling'oa, na palipong'olewa hivyo hakuna cha kuchipua msimu ujao. Mama akainua mzizi mmoja, akaunusa.

"Na huu nao, daktari, unachemshwa?"