Pasaka na Ishtar wapi na wapi?

Kila mwaka ikikaribia Pasaka lazima mtu arushe ile meseji kwenye magrupu eti hii ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, kisa tu Easter na Ishtar yanafanana kimatamshi. Jamani, si sisi tunasema Pasaka? Neno limetoka Pesach ya Kiebrania, Wayahudi wanakumbuka kutoka Misri, Wagiriki wakasema Pascha, Wafaransa Pâques, sasa Ishtar kapitia wapi hapo? Easter ni jina la Waingereza, mtawa Beda mwaka 725 ndo aliandika limetokana na Eostre, mungu wa kike wa Waingereza wa kale, na huyo si Ishtar. Halafu mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulishajadili tarehe ya Pasaka mwaka 325. Mayai na sungura sawa, hizo mila za Ulaya, huku kwetu ni pilau tu.