Viini vinne, kinachofanya kazi kimoja

Ingia kwenye seva ya Linux inayopokea trafiki nyingi, andika top, kisha bonyeza 1. Kila kiini cha prosesa kitapata mstari wake. Mwisho mwisho wa mstari kuna herufi "si": huo ni muda ambao kiini kinautumia kwenye kazi ndogondogo za kerneli (sehemu kuu ya Linux), na kwa seva ya namna hii karibu zote ni pakiti za mtandao, yaani vile vipande vidogo vya data. Ukikuta kiini namba 0 kina "si" ya asilimia 98 na wenzake watatu wanasinzia, umeshaliona tatizo. Kuligawa hilo furushi ndiko kunaitwa kusawazisha pakiti kati ya viini.

Linatokea hivi. Pakiti ikifika, kadi ya mtandao hukikatiza kiini kimoja, na kiini hichohicho ndicho kinachoendelea nayo: kusoma anwani, kuipitisha kwenye firewall, kuifikisha kwa programu inayoisubiri. Kadi yenye foleni moja hubisha hodi mlango mmoja tu. Kwa trafiki ya ofisi ndogo hutagundua kitu. Kwenye laini ya gigabiti 10, pakiti zikiwa ndogo kabisa, zinaweza kufika milioni 14.88 kwa sekunde, yaani takriban nanosekunde 67 kwa kila moja. Kiini kimoja cha kerneli ya kawaida hakifiki huko.

Basi tugawe kwa zamu: hii kiini 0, inayofuata kiini 1, nyingine kiini 2? Ndilo wazo linalomjia kila mtu, na ndilo baya. Viini haviendi mwendo mmoja, kwa hiyo pakiti ya tano itaitangulia ya nne. TCP, itifaki inayohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio, ikiona pengo upande wa pili, hurudia kuthibitisha pakiti ya mwisho iliyofika kwa mpangilio. Marudio yakifika matatu, mtumaji huamini pakiti imepotea, huituma upya na kupunguza kasi. Umeongeza viini na mtandao umekuwa mzito zaidi.

Kwa hiyo kinachogawanywa si pakiti, ni mazungumzo. Anwani mbili za IP na namba mbili za poti huingizwa kwenye hesabu inayotoa namba moja, na namba hiyo huchagua kiini. Pakiti zote za muunganisho mmoja zina anwani na poti zilezile, kwa hiyo zote huangukia kiini kilekile, kwa mpangilio wake.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa na kadi yenyewe, ikiwa na foleni kadhaa: hiyo ni RSS (Receive Side Scaling). Kadi ikiwa duni, kerneli huifanya: hiyo ni RPS (Receive Packet Steering), iliyoandikwa na Tom Herbert wa Google na kuingia Linux 2.6.35 mwaka 2010. Huwashwa kwa mstari mmoja:

echo e > /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus

Hiyo e huwachanganya wengi. Ni namba ya mfumo wa kumi na sita, kwa jozi ni 1110, kila tarakimu ikiwa kiini kimoja kuanzia kulia na kiini 0: viini 1, 2 na 3 vichukue mzigo, kiini 0 kibaki na kazi ya kukatizwa na kadi. Ukitaka vyote vinne, andika f.

Usitegemee muujiza kwenye faili moja kubwa. Huo ni muunganisho mmoja, na utabaki kwenye kiini kimoja hata ukiwa na viini 64. Nimeona watu wakipima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, yenye muunganisho mmoja, halafu wanasema RPS haifanyi kazi. Pima kwa -P 8, yaani miunganisho minane kwa pamoja. Hata hapo miunganisho miwili inaweza kuangukia kiini kimoja. Hesabu haijui nani mzito.

Ruta za PPPoE, njia ya kumuunganisha mteja na mtoa huduma wa intaneti kwa kuifunga kila pakiti ndani ya bahasha nyingine, zina mkosi wao. Kadi nyingi hazioni anwani za IP zilizofunikwa ndani ya PPPoE, kwa hiyo RSS hurundika kila kitu foleni moja. Kerneli huona ndani, ndiyo maana RPS husaidia pale ambapo kadi ya bei kubwa imeshindwa.

Kujua kama imekubali, soma /proc/softirqs mstari wa NET_RX, unaohesabu kazi za kupokea pakiti kwa kila kiini, subiri sekunde kumi, usome tena. Ikiwa ni safu ya CPU0 peke yake iliyopanda, rudi ukaangalie ile e uliiandika kwenye foleni ipi.